Alama ya kungoja: historia ya michoro inayoendesha kazi za ofisi

Mama aliyehama na watoto wake, akifika mbele ya meza ya uandikishaji, anamwona karani, anaona telefone ama tableti mikononi mwake, na foleni iliyo nyuma yake anaijua vizuri. Kitu kinachoamua kama jina lake litaingia kwenye orodha hakioni. Kitu hicho ni mchoro wa njia. Kuna mtu, pengine Goma, pengine Nairobi ama Geneva, aliyekaa mbele ya skrini akapanga hatua moja baada ya nyingine: uliza jina, uliza kijiji alikotoka, uliza kadi ya mpiga kura, kama anayo, endelea mbele, kama hana, pita huku. Karani anafuata njia aliyochorewa. Akifika mahali ambapo hakuna njia, telefone haiendelei, naye anasema maneno ambayo familia nyingi zinayafahamu: mashini imekataa.

Mashini haikukataa kitu. Ilifika mahali ambapo mchoraji hakuchora mshale.

Michoro ya namna hii ina umri wa zaidi ya miaka 100, na haikuanza na kompyuta, ama ordinatere kama wengi wanavyosema hapa kwetu. Ilianza na matofali.

Frank Gilbreth alikuwa fundi mwashi wa Marekani kabla ya kuwa mkandarasi. Akiwa kijana kazini aliona kwamba kila fundi aliyemfundisha kupanga matofali alikuwa na namna yake, na kwamba fundi yule yule alibadilisha namna yake akiwa na haraka. Akaanza kuhesabu. Kuweka tofali moja kulihitaji miondoko 18. Gilbreth alipanga jukwaa upya ili matofali na udongo vikae kwenye usawa wa mikono, fundi asiiname kila mara, na miondoko ikashuka hadi 5 hivi. Mke wake Lillian alikuwa msomi wa saikolojia mwenye shahada ya udaktari. Wakafanya kazi pamoja, wakapiga filamu za watu wakiwa kazini, wakalea na watoto wengi ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Desemba 1921 Frank Gilbreth alisimama mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani akawaonyesha kitu kipya: kazi nzima ikiwa imechorwa kwa alama ndogo kwenye karatasi moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alama moja ilisema hapa kitu kinafanyiwa kazi, nyingine ilisema hapa kinabebwa, nyingine hapa kinakaguliwa. Yeyote aliyesimama mbele ya karatasi hiyo aliweza kuona kazi kama anavyoona njia kutoka mlimani.

Frank alifariki mwaka 1924. Lillian aliendelea peke yake kwa miaka mingi, na hapo ndipo historia hii inakuwa tamu zaidi, maana alichukua michoro ya viwandani akaiingiza jikoni. Alifuata hatua za mwanamke anayepika, kutoka kwenye meza hadi kwenye jiko, kutoka jiko hadi maji, akahesabu anatembea kiasi gani kwa chakula kimoja. Kabla ya kupendekeza urefu wa meza ama wa beseni, aliwahoji maelfu ya wanawake. Wahandisi wengi waliokuja baada yake waliiruka hatua hiyo ya kuuliza.

Mwanaume mwingine, Allan Mogensen, alisisitiza jambo hilo hilo kwa njia yake. Kuanzia miaka ya 1930 alikusanya wakubwa wa makampuni huko Lake Placid, katika jimbo la New York, akawafundisha kurahisisha kazi. Imani yake ilikuwa kwamba anayefanya kazi ndiye anayeijua kuliko mkubwa wake, kwa hiyo kalamu ya kuchora apewe yeye. Mmoja wa waliopita katika mafunzo yake, Ben Graham, alifanya kazi katika kampuni ya kuchapa fomu za ofisi. Graham aliona kwamba ofisini kinachotembea si tofali wala chuma. Ni karatasi. Tena haitembei moja. Fomu moja ina nakala tatu ama nne: moja inabaki kwa mnunuzi, moja inakwenda depo, moja kwa mhasibu, na kila moja ina safari yake mpaka zitakapokutana tena. Akatengeneza mchoro wenye mistari mingi inayokwenda sambamba, mstari mmoja kwa kila nakala, na makarani wenyewe walikaa mbele ya karatasi hiyo ndefu kusema wapi fomu inalala.

Neno hilo, kulala, lilikuwa na alama yake. Mwaka 1947 wahandisi wa Marekani walikubaliana juu ya alama tano tu za kuchorea kazi. Duara lilikuwa kitendo. Mshale ulikuwa safari. Mraba ulikuwa ukaguzi. Pembetatu ilikuwa kuweka akiba. Ya tano ilikuwa na umbo la herufi D, na maana yake ni kungoja. Kwa watu waliowahi kukaa kwenye benchi la ofisi yoyote ya Kongo tangu saa moja asubuhi, alama hiyo haihitaji mwalimu. Aliyechora kazi ya ofisi kwa alama hizo tano alilazimika kuonyesha wazi mahali ambapo karatasi, ama mtu aliyeishika, anakaa tu bila lolote kutendeka. Mchoro wenye D nyingi ulimwaibisha mwenye ofisi.

Mwaka huo huo wa 1947, katika mji wa Princeton, wanahisabati wawili, Herman Goldstine na John von Neumann, walikuwa wakiandika jinsi ya kuandaa kazi kwa ajili ya kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa chache mno duniani. Wawili hao nao walitumia visanduku na mishale: kisanduku cha kutenda, na kisanduku cha kuamua ambapo njia inagawanyika kulingana na jibu. Kutoka hapo michoro hiyo ilienea kwa waandishi wa programu kila mahali. Kampuni ya IBM ilitengeneza vibao vya plastiki vyenye matundu ya maumbo, mtu apitishe penseli ndani ya tundu apate kisanduku kilichonyooka. Wanafunzi wa enzi hizo waliviweka mfukoni pamoja na rula.

Lakini katika michoro ya Goldstine na von Neumann hapakuwa na alama ya kungoja. Hawakuihitaji. Walikuwa wakichora kazi ya mashini, na mashini ikimaliza hatua moja inaanza nyingine papo hapo. Hilo si kosa lao. Shida ilikuja pale watu walipochukua namna hiyo ya kuchora kazi ya mashini na kuitumia kuchora kazi ya ofisi, wakaona watu kama visanduku.

Si wote waliofanya hivyo. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi ya kawaida ya ofisi haikujengwa na jeshi wala na chuo kikuu. Ilijengwa na kampuni ya chai na keki. J. Lyons ya Uingereza ilikuwa na maduka ya chai yaliyotapakaa, na wakubwa wake walichoka na makaratasi. Wakajenga mashini wakaiita LEO, na mwaka 1951 ikaanza kupiga hesabu za mikate na keki. Kundi lililoongozwa na David Caminer lilichora kila hatua ya kazi kabla ya kuandika programu.

Kazi yao moja inastahili kusimuliwa polepole. Kila duka la chai lilihitaji kuletewa keki na mikate kila siku, na kila duka lilikuwa na mahitaji yake. Badala ya kumtaka mkubwa wa duka ajaze fomu ndefu kila siku, Lyons iliweka ndani ya kompyuta oda ya kawaida ya kila duka kwa kila siku ya juma. Kisha, kwa saa iliyopangwa, mkubwa wa duka, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, alipigiwa telefone na kuulizwa: kesho kuna mabadiliko gani? Kama hali ya hewa ilikuwa nzuri na watu watatoka kutembea, alisema ongeza. Kama mvua inakuja, alisema punguza. Aliyepokea maneno hayo alitoboa kadi, na kadi zikaingia kwenye mashini. Yaani jambo lisilo la kawaida lilipewa njia yake tangu mwanzo, na njia hiyo ilikuwa sauti ya mtu anayejua hali ya duka lake. Hayo yalifanyika katikati ya miaka ya 1950. Programu nyingi za leo hazifikii hapo.

Kufikia miaka ya 1960, mchoro bado ulikuwa kitu kimoja na programu kitu kingine. Mtu alichora, kisha mwingine akaandika programu kwa mkono akiangalia mchoro, na baada ya miezi kadhaa vitu hivyo viwili havikufanana tena. Swali likawa: je, mchoro wenyewe unaweza kuendesha kazi?

Njia moja ya kujibu ilitoka Ujerumani. Mwaka 1962 Carl Adam Petri aliandika tasnifu kuhusu mashini zinazowasiliana, na mawazo yake yakazaa mchoro wa aina yake. Kuna maduara, kuna vijiti, kuna mishale kati yake, na juu ya maduara kuna vidoti vyeusi vinavyohama. Kwa Kifaransa vidoti hivyo huitwa jina ambalo kila aliyepanga foleni ya mgao analijua: jetoni. Kanuni ni rahisi. Kitendo hakiwezi kufanyika mpaka kila duara linalokielekea liwe na jetoni. Kama kibali kinahitaji sahihi ya daktari na sahihi ya kiongozi wa mtaa, jetoni moja peke yake haitoshi. Itakaa pale ikingoja mwenzake. Kungoja, ambako wanahisabati wa Princeton hawakukuhitaji, kulirudi kwenye karatasi, safari hii kukiwa na hesabu kamili nyuma yake.

Jibu lingine lilitoka kwa mtu ambaye jina lake halitajwi vya kutosha barani Afrika. Clarence Ellis, aliyeitwa Skip na marafiki, alizaliwa mwaka 1943 katika familia maskini ya watu weusi mjini Chicago. Akiwa na miaka 15 alipata kazi ya ulinzi wa usiku katika kampuni moja iliyokuwa na kompyuta kubwa ya taa. Aliambiwa alinde, asiiguse. Usiku ni mrefu, na vitabu vya maelekezo ya mashini hiyo vilikuwa pale pale. Ellis akavisoma. Siku moja kampuni iliishiwa kadi za kutoboa na kazi ilikuwa ya haraka. Hakuna aliyejua jinsi ya kufanya zile zilizokwisha kutumika zitumike tena, isipokuwa mlinzi. Mwaka 1969 Ellis akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika sayansi ya kompyuta.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 alifanya kazi katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, na pamoja na Gary Nutt na wengine akatengeneza Officetalk, programu iliyoleta fomu za ofisi kwenye skrini na kuzitembeza kutoka kwa karani mmoja hadi kwa mwingine. Ili kueleza safari hizo, walibuni mchoro ulioonyesha shughuli, mahali taarifa zinapowekwa, na njia zinapogawanyika ama kukutana. Mwingine, Michael Zisman, alikuwa amechukua jetoni za Petri mwaka 1977 akazitumia kueleza ofisi inayojiendesha. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa kwamba mkubwa wa ofisi atachora, na kompyuta itafuata mchoro bila mtu wa katikati.

Katika maabara hiyo hiyo ya Xerox alikuwemo mwanamke aliyesomea elimu ya jamii na tamaduni, Lucy Suchman. Wenzake walichora kazi za ofisi. Yeye alikwenda kukaa na makarani. Aliwachunguza watu wa uhasibu wanaolipa fakture, na mwaka 1983 akachapisha alichokiona. Kwenye karatasi ya utaratibu, kazi ilikuwa nyepesi: oda, mzigo, fakture, malipo. Kwenye meza, oda ilikuwa imepotea, fakture ilisema hivi na mzigo ulisema vingine, na makarani wawili waliketi kujenga upya, kipande kwa kipande, kile kilichotokea. Walipomaliza, faili lilionekana kana kwamba hatua zote zilifuatwa kwa mpangilio. Kwa Suchman, utaratibu safi ulikuwa matunda ya kazi ya makarani hao. Aliyetazama faili peke yake angedhani kwamba utaratibu ndio uliowaongoza.

Hoja hiyo haikuwafurahisha wauzaji wa programu. Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa miaka yao. Kampuni kama FileNet ziliuza mifumo ya kutembeza picha za nyaraka kati ya meza na meza katika benki na kampuni za bima. Mwaka 1992 programu ya Visio iliweka vile vibao vya plastiki vya IBM ndani ya kompyuta, na mtu asiye mhandisi akaweza kuvuta visanduku kwa panya. Mwaka 1993 makampuni ya fani hii yalianzisha umoja wao ili mifumo yao iweze kuelewana. Lakini mwaka 1995 watafiti watatu, Bowers, Button na Sharrock, walieleza kilichotokea katika kampuni moja ya kupiga chapa ya Uingereza baada ya kuletewa mfumo kama huo. Wachapaji walizoea kuanza kazi ya pili wakati ya kwanza inakauka, kusaidiana na kurukiana zamu ili mashini zisikae bure. Mfumo ulitaka kila kazi ianze na kuisha kwa mpangilio. Matokeo yake, wachapaji walifanya kazi kwanza kama walivyojua, kisha wakaujazia mfumo baadaye kile ulichotaka kusikia.

Anayefahamu jinsi ripoti zinavyoandikwa katika ofisi nyingi za kwetu hawezi kushangaa.

Kufikia mwaka 2000 kila kampuni ilikuwa na alama zake, na mchoro wa mmoja haukusomeka kwa mwingine. Mei 2004 yakatoka maelezo ya alama za pamoja yanayojulikana kwa herufi BPMN, na mwandishi mkuu alikuwa Stephen White wa IBM. Lengo lilikuwa mchoro mmoja usomwe na mhasibu na mwandishi wa programu pia. Mwanzoni mchoro huo ulitafsiriwa kwanza katika lugha nyingine ya kompyuta ndipo uendeshwe, na tafsiri hiyo ilikuwa na mashimo: mambo mengine yaliyochoreka hayakutafsirika. Toleo la pili, la Januari 2011, lilieleza jinsi mchoro wenyewe unavyopaswa kuendeshwa, na mwaka 2013 likawa kipimo cha kimataifa. Leo mtu anavuta visanduku kwenye skrini, anabonyeza, na ombi la mkopo ama la kibali linaanza kutembea kwa kufuata mistari ile ile.

Wakati huo huo, wazo hilo lilishuka kutoka benki za Ulaya hadi kwenye telefone ndogo. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, kundi la Gaetano Borriello lilianzisha ODK, programu ya bure ya kujaza fomu kwenye telefone. Juu ya msingi huo ikajengwa KoboToolbox, iliyotoka kwa watafiti wa Harvard, na sasa mashirika ya kiutu yanaitumia karibu kila mahali penye vita ama maafa. Mwenye kutengeneza fomu katika Kobo haoni mishale. Anaona orodha ya maswali na masharti yake, lakini kinachofanyika ni kile kile. Jibu moja linafungua swali linalofuata, jibu lingine linalifunga.

Nyingine, yenye visanduku na mishale wazi kabisa, ilitoka jirani. Nyaruka, kampuni ndogo iliyoanzia Kigali, ilitoa mwaka 2013 programu ya kuchora mazungumzo ya ujumbe mfupi wa telefone: tuma swali hili, akijibu ndiyo, mpeleke hapa, akijibu hapana, pale, akijibu kitu kisichoeleweka, muulize tena. Mwaka 2014 UNICEF iliichukua na kuieneza kwa jina la RapidPro. Mwishoni mwa mwaka huo, Ebola ikiiua Liberia, RapidPro iliunganishwa na orodha ya wafanyakazi wa afya wa nchi hiyo, ili wizara iweze kuwauliza wauguzi walio mbali na wauguzi wajibu kwa telefone ya kawaida. Mtu asiyeweza kuandika hata mstari mmoja wa programu aliweza kuchora njia hiyo kwa siku moja.

Katika mchoro wa RapidPro kuna mshale ambao haufutiki: ule wa majibu mengine yote, yale ambayo mchoraji hakuyategemea. Anaweza kuuacha ukining'inia bila kuuelekeza popote. Lakini anauona.

Kongo imejifunza jambo hilo kwa mishahara. Mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia benki. Kabla ya hapo, pesa za mwalimu zilipita mikono mingi kabla ya kufika shuleni, na kila mkono ulibaki na kitu. Njia mpya ilifuta mikono hiyo, na kwa walimu wa mjini ilikuwa nafuu kubwa. Lakini waliochora njia ya benki walikuta kwamba sehemu kubwa ya nchi haina benki. Mwalimu wa kijijini alilazimika kuacha darasa, kutembea siku kadhaa na kula sehemu ya mshahara njiani. Ndipo ikabidi kuchorwa mshale mwingine, na kwa maeneo ya mbali Caritas ikapewa kazi ya kupeleka pesa hizo. Mshale huo ulichorwa baada ya walimu kulalamika. Wao walijua tangu siku ya kwanza.

Kwa familia zilizohama, walimwengu wa mishale isiyochorwa ni wengi. Yupo aliyeacha kadi ya mpiga kura kwenye nyumba iliyoungua. Yupo bibi anayelea wajukuu ambao majina yao yaliandikwa kwa mama yao, na mama hajulikani aliko. Yupo aliyeandikishwa kambini, kisha kambi ikavunjwa, akahamia kwa familia iliyompokea, na sasa kila upande unamwambia jina lake liko upande mwingine. Karani mzuri anajua la kufanya: anamwita kiongozi wa kambi, anauliza majirani watatu wa kijiji kimoja, anaandika pembeni. Hiyo ndiyo kazi aliyoiona Suchman kwenye meza za uhasibu. Fomu ikiwa haina mahali pa kuandika pembeni, wema wa karani unaishia kwenye daftari lake.

Alama za kuzuia hayo zipo tayari. Ndani ya BPMN, kisanduku chenye gia kwenye pembe ni kazi inayofanywa na mashini peke yake. Chenye kichwa na mabega ya mtu ni kazi ya binadamu. Kwenye ukingo wa kisanduku mchoraji anaweza kubandika kiduara chenye radi: hapa mambo yakiharibika, pita njia hii. Anaweza kubandika kiduara chenye saa: zikipita siku saba bila jibu, usiendelee kungoja, mpeleke mtu huyu kwa mkubwa wa ofisi. Kiduara hicho cha saa ni mjukuu wa ile D ya mwaka 1947. Kukiweka hakugharimu hata franka moja; kunachohitajika ni kujua kwamba kuna anayengoja.

Kamati za wakimbizi wa ndani huitwa mara nyingi kuelezwa jinsi mgao utakavyofanyika, na wanachopewa ni maelezo ya mdomo. Ni nadra kuonyeshwa mchoro. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kuuficha. Mchoro wa BPMN unafunguka bila malipo kwenye intaneti, hauna majina ya watu ndani yake, na mwingi unaenea kwenye ukurasa mmoja. Makarani wa Ben Graham walisoma michoro yao ikiwa imetandazwa mbele yao, wakitia kidole: hapa inalala. Karatasi moja ya aina hiyo inaweza kuchapishwa na kubandikwa mlangoni, pale pale inapobandikwa orodha ya majina.